Kiuno Hakipungui: Jua Kwanza Tumbo Limejaa Nini

Suruali huanza kusema kabla ya mizani. Kifungo kinagoma, mkanda unahamia tundu la nje, na mwenyewe anaanza kuvuta tumbo ndani kila anapopita mbele ya kioo. Kinachofuata mara nyingi ni papara: sit-apu mia kila asubuhi, maji ya ndimu, kulala na njaa siku tatu, kisha siku ya nne kukata tamaa. Katika pilikapilika zote hizo, hakuna aliyeuliza tumbo lenyewe limejaa nini.

Tumbo huweza kutokeza kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya ngozi, mafuta yaliyojificha ndani kuzunguka ini na utumbo, gesi, choo kilichokwama, misuli iliyolegea, dawa, homoni au maji. Kila moja ina njia yake, na njia ya moja haitibu nyingine. Kwa hiyo pitia dalili zilizo hapa chini, simama kwenye ile inayofanana na yako, uanzie hapo. Si lazima usome zote.

Kabla ya lolote, pima

Chukua futi ya kamba, ile ya fundi cherehani. Simama miguu ikiwa pamoja, mikono pembeni. Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita, ikizunguka sawasawa hadi mgongoni. Toa pumzi kama kawaida, soma namba. Futi iguse ngozi bila kuibana. Na usipime pale unapofungia suruali: mwanamume mwenye kitambi hufungia suruali chini ya tumbo, ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba bado wanavaa saizi ya ujanani. Ni kweli wanaivaa, ila tumbo limepita juu yake.

Sasa namba zenyewe. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na hupanda sana kikizidi 102 na 88. Kwa watu wenye asili ya Asia Kusini mpaka wa wanaume huwekwa chini zaidi, sentimita 90. Ukitaka kanuni moja isiyohitaji jedwali, kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 akae chini ya 85. Taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, iliupitisha ushauri huo mwaka 2022, na mimi naupenda kwa sababu haumpi mtu kisingizio cha mwili mkubwa au mdogo.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Andika. Siku ya kwanza tu, pima tena jioni. Namba hiyo ya pili itatufaa sasa hivi.

Kisha jifinye. Nyama unayoikamata kwa vidole viwili tumboni ni mafuta ya chini ya ngozi. Tumbo lililotuna likawa gumu kama mpira, lisilofinyika vizuri, mara nyingi limebeba mafuta ya ndani. Hiki si kipimo cha hospitali, lakini kinatoa fununu. Mafuta ya ndani ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari cha aina ya pili, presha, ini kujaa mafuta na ugonjwa wa moyo. Daktari Mfaransa Jean Vague alieleza tangu 1947 kwamba si unene tu unaodhuru, bali mahali unapokaa: wanaonenepea tumboni na wanaonenepea nyongani hawaugui sawa. Nafuu ipo hapa: mafuta hayo ya ndani ni mepesi kuondoka kuliko ya chini ya ngozi, mtu akianza kutembea na kupunguza chakula. Yanaondoka kimyakimya, wakati mwingine kabla kioo hakijaonyesha kitu.

Dalili: asubuhi tumbo tambarare, jioni kama ngoma

Rudi kwenye zile namba mbili. Zikipishana kwa sentimita kadhaa kati ya asubuhi na jioni, tofauti hiyo si mafuta. Hakuna mafuta yanayoota saa kumi jioni na kuyeyuka usiku. Hiyo ni gesi, chakula kilichoko njiani, au choo.

Anza na choo, kwa kuwa watu huona haya kukitaja. Ukienda chini ya mara tatu kwa wiki, au ukienda kwa kukamua na kinatoka vipande vidogo vikavu, umefunga choo, na tumbo litavimba hata ukila kama ndege. Ongeza maji, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa, lakini pole pole kwa wiki mbili au tatu. Anayetoka kwenye mkate mweupe akarukia bakuli mbili za maharagwe kwa siku atajaa gesi kuliko alivyokuwa, kisha ataulaumu ushauri.

Choo kikiwa sawa, angalia maziwa. Watu wazima wengi duniani hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Acha maziwa kwa wiki mbili, uone. Kisha angalia soda na vinywaji vyote vyenye mapovu, bigijii na peremende zisizo na sukari (utamu wao, kama sobitoli, huchachia tumboni), na mwendo wako wa kula. Anayekula huku anaongea na simu humeza hewa nyingi kuliko anavyodhani. Ondoa kitu kimoja kimoja. Ukiondoa vyote kwa mpigo utapona bila kujua kilichokuponya.

Lakini uvimbe usioshuka asubuhi wala jioni, wiki baada ya wiki, ni habari nyingine. Nimeuweka mbele, kwenye sehemu ya kumuona daktari.

Dalili: "Mimi mbona nakula kidogo tu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi tulipo, na ndipo watu hukasirika.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichukua watu wanene waliokuwa na hakika kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Miili yao ilipimwa ikaonekana inachoma nguvu kama kawaida. Hesabu ndiyo iliyokuwa na tatizo: chakula walichoripoti kilipungukiwa na karibu asilimia 47 ya walichokula kweli, na mazoezi waliyaongeza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Kichwa cha mwanadamu kinahesabu sahani, hakihesabu vijiko vya kuonja jikoni, mabaki ya sahani ya mtoto, na kikombe kilichonywewa umesimama.

Kwa hiyo kabla hujaenda kupimwa homoni, fanya jambo moja la kuchosha: kwa siku saba andika kila kinachopita mdomoni, papo hapo, si usiku kwa kukumbuka. Usibadilishe ulaji wiki hiyo. Andika tu, pamoja na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, mafuta yoyote yale, hata yale yanayosifiwa kwa afya. Mpishi anayemimina kutoka kwenye chupa bila kijiko anaweza kuongeza mlo mzima bila mtu kuona.

Ukimaliza wiki, soma daftari ukitafuta mambo matatu.

La kwanza ni vinywaji. Kopo moja la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Na linasema ni heri zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Mwenye vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu vidogo kila kimoja, amefika gramu 48 kabla hajala kitu. Juisi nayo, hata uliyokamua mwenyewe, ni sukari iliyoachana na nyuzinyuzi zake. Chungwa moja utalitafuna na kutosheka, matatu utayanywa kwa dakika moja na bado ukaulizia chakula. Tumbo halihesabu kinywaji kama shibe. Ukifanya badiliko moja tu katika maisha yako kwa ajili ya kiuno, liwe hili la vinywaji, na mengine yasubiri.

Pombe imo humuhumu. Gramu moja ya pombe ina kalori saba, karibu mara mbili ya sukari, na mwili huishughulikia kwanza kwa kuwa ni sumu. Wakati huo uchomaji wa mafuta unasimama kusubiri zamu. Nusu lita ya bia ya kawaida ni kalori 200 na ushei. Ongeza vitafunwa vya chumvi vinavyokwenda nayo, na ile njaa ya saa sita usiku, utaelewa kwa nini tumbo la mnywaji lina jina lake.

La pili ni vyakula vilivyosindikwa sana viwandani: biskuti, chipsi za pakiti, soseji, keki za kununua, tambi za dakika mbili. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 wodini. Wiki mbili waliwapa vyakula vya namna hiyo, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vilivyopikwa, sahani zikiwa na sukari, mafuta na nyuzinyuzi sawasawa, nao wakaruhusiwa kula hadi waridhike. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongezeka takriban kilo moja. Walikula pia kwa kasi zaidi. Chakula laini kinateleza. Shibe inafika mlo umekwisha.

La tatu ni protini na nyuzinyuzi kukosekana asubuhi. Mkate mweupe na chai ya sukari saa moja huleta njaa saa nne, na saa nne ndipo vitumbua vya dunia nzima huuzwa. Yai, maharagwe, maziwa ya mgando, karanga au samaki wa jana vitakufikisha mchana. Nyuzinyuzi lenga gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa peke yake kinaweza kukupa zaidi ya nusu. Zile zinazoyeyuka majini, za maharagwe, dengu, shayiri na matunda, huchelewesha chakula tumboni, nawe unakaa muda mrefu bila kufikiria kula.

Na kama daftari limeonyesha kweli unakula kidogo, kwa uaminifu wote, na kiuno kinaongezeka? Ipo hali hiyo, na hiyo ndiyo ya kupeleka kwa daktari ukiwa na daftari mkononi. Atakusikiliza tofauti.

Dalili: sit-apu kila siku, kitambi palepale

Sit-apu hazichomi mafuta ya tumbo. Najua nimeudhi mtu.

Misuli haichomi mafuta ya jirani yake. Mwili ukihitaji nguvu hutoa mafuta kwenye damu kutoka maghala yote, kwa mpangilio unaoamuliwa na urithi, jinsia na homoni, si na kiungo kinachotoka jasho. Mwaka 1971 watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi: mkono wanaochezea ulikuwa na misuli minene kuliko mwingine, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa ule ule mikono yote miwili. Miaka ya tenisi, maelfu ya mipira, na mkono haukuchoma mafuta yake wenyewe. Mwaka 2011 jaribio jingine liliwapa watu mazoezi saba ya tumbo, siku tano kwa wiki, wiki sita. Misuli ya tumbo iliongezeka ustahimilivu. Mafuta ya tumbo hayakupungua kuliko ya wale ambao hawakufanya.

Kinachofanya kazi hakina mbwembwe. Tembea kwa haraka, kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 hadi 300 kwa wiki ndiyo kiwango cha Shirika la Afya Duniani, au nusu yake ukikimbia, ukiogelea kwa nguvu au kuruka kamba. Ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu yanayogusa misuli mikubwa: kuchuchumaa na kusimama, push-apu (ukutani kwanza kama sakafu inakushinda), kuvuta, kubeba mzigo. Dakika 30 za kutembea huchoma kalori 120 hivi kwa mtu wa kilo 70, ambazo ni kama kijiko kikubwa cha mafuta. Ndiyo maana huwezi kukimbia mbali kuliko mdomo wako. Hata hivyo mazoezi hupunguza mafuta ya ndani hata pale uzito usiposhuka, na hilo chakula peke yake hakikufanyii.

Halafu kuna saa nyingine 23. Anayefanya mazoezi saa moja kisha akakaa kitini hadi usiku anapoteza sehemu ya faida aliyoipata. Simama unapopokea simu. Panda ngazi. Tembea dakika kumi baada ya kula. Misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu palepale, kabla haijageuzwa akiba.

Mikanda ya kubana tumbo inatoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili yamerudi. Chai za kupunguza tumbo nyingi ni dawa za kuharisha zenye picha nzuri. Tuendelee.

Dalili: mizani imegoma, lakini suruali inalegea

Hakuna tatizo. Mafuta yanatoka, misuli inaingia, na misuli ina uzito mkubwa kwa nafasi ndogo. Endelea, na mizani iweke chini ya kitanda kwa mwezi.

Dalili: mizani imeshuka, kiuno kimegoma

Kinyume chake, na hii inahitaji kusahihishwa. Kama ni wiki ya kwanza ya kupunguza chakula, ulichopoteza ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, gramu mia kadhaa, na kila gramu hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza wanga ghafla akiba hiyo inatumika, maji yanatoka, mizani inashangilia kilo mbili. Kiuno hakijaguswa. Ukirudi kula wali kama zamani zinarudi, na hapo ndipo watu hulia bure.

Kama ni wiki ya nane, huenda unapoteza misuli. Hutokea kwa wanaokula mara moja kwa siku sahani ya mchicha, bila protini na bila mazoezi ya nguvu. Unakuwa mwembamba usoni na mikononi huku tumbo likibaki. Punguza kasi: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Weka protini katika kila mlo, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, isipokuwa una ugonjwa wa figo, ambapo daktari ndiye apange. Na beba kitu kizito mara mbili kwa wiki.

Dalili: mchana unajitahidi, usiku unaharibu

Watu hujilaumu kwa kukosa msimamo. Mara nyingi wamekosa usingizi.

Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walitoa matokeo ya watu 12 wasio wanene, waliolala saa nne kwa usiku kwa wiki mbili, kisha wakati mwingine saa tisa. Walipolala saa nne walikula zaidi ya kalori 300 za ziada kwa siku, na mafuta ya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa takriban asilimia 11. Uzito wenyewe ulipanda kidogo sana, kwa hiyo mizani isingewaambia. Mwili uliochoka unatafuta vitamu, na kichwa kilichochoka hakikatai.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Sijui ushauri wa kiuno unaodharauliwa kama huu, labda kwa kuwa hauuzwi kwenye chupa. Rudisha mlo wa usiku nyuma, saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kahawa iishie mchana. Simu ikalale chumba kingine; anayesema anaitumia kama saa ya kuamsha anunue saa. Na ukiamka saa nane za usiku unataka kula, kunywa maji urudi kitandani. Chakula cha saa hiyo huanza mara moja, kikawa desturi ndani ya wiki.

Kuna mtego mwingine hapa. Ukikoroma kwa nguvu, mwenzako akakuambia pumzi inakatika kisha unashtuka, na mchana unasinzia hata umekaa kwenye mkutano, huenda njia ya hewa inaziba usiku. Kitambi na shingo nene huleta hali hiyo, nayo kwa kuharibu usingizi inaongeza kitambi. Inatibika. Ni vigumu kupunguza kiuno ukiwa ndani ya duara hilo bila kutibiwa.

Msongo wa mawazo hufanana na ukosefu wa usingizi: homoni ya kotisoli ikikaa juu muda mrefu, mafuta huelekea tumboni. Sitakuambia "usiwe na mawazo", kwa kuwa hakuna aliyewahi kuacha mawazo kwa kuambiwa. Lakini angalia unakula lini. Kama unafungua friji baada ya kila ugomvi wa kazini, kinachotafutwa kwenye friji si chakula, na matembezi ya robo saa yatafika karibu zaidi na kinachotafutwa.

Dalili: mikono na miguu myembamba, tumbo peke yake

Kwa mwanamke aliyefika miaka ya kukoma hedhi, estrojeni hushuka na mafuta yaliyokuwa yakienda nyongani na mapajani huhamia tumboni. Kwa mwanamume testosteroni hupungua taratibu na misuli nayo. Wote wawili wanahitaji mazoezi ya nguvu kuliko walivyohitaji wakiwa na miaka 25, na ndio wanaoyakimbia zaidi. Kula kama zamani hakutoshi tena, kwa kuwa mwili wenye misuli michache unachoma kidogo.

Msichana au mwanamke kijana mwenye hedhi zinazoruka, ndevu kidogo au chunusi zisizoisha, pamoja na tumbo linaloongezeka, apimwe homoni na mifuko ya mayai. Anayehisi baridi, kuchoka, kufunga choo na ngozi kukauka apimwe tezi ya shingo.

Tazama pia dawa. Prednisolone na dawa nyingine za jamii ya steroidi, zikitumika muda mrefu, huleta tumbo kubwa, uso wa mviringo na miguu myembamba. Insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kifafa nazo huongeza uzito. Usiache hata moja mwenyewe. Steroidi zikikatwa ghafla zinaweza kuua, kwa kuwa mwili umeacha kutengeneza zake. Mwambie aliyekuandikia; mara nyingi ipo dozi ndogo zaidi au dawa mbadala.

Dalili: tangu nijifungue, tumbo kama bado lina mimba

Lala chali, magoti juu, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa tu. Ukihisi bonde katikati, vidole vikazama kati ya kingo mbili za misuli na upana ukazidi vidole viwili, misuli ya mbele imeachana wakati wa ujauzito na haijarudiana. Hapo sit-apu zinaweza kuzidisha, hasa ukiona tumbo linachomoza kama mgongo wa boti unapoinuka. Anza na kupumua kwa kukaza tumbo la chini na misuli ya nyonga, na ukiweza muone mtaalamu wa viungo. Wiki nane za kwanza bonde hujipunguza lenyewe kwa kiasi kikubwa. Mama anayenyonyesha asijinyime chakula. Kiuno kinaweza kusubiri, maziwa hayasubiri.

Hizi zinataka daktari

Tumbo linaloongezeka haraka ndani ya siku au wiki, huku miguu ikivimba au macho yakiwa ya njano: huenda ni maji, na ini, moyo au figo zinahusika. Tumbo gumu upande mmoja, au hedhi nzito na uvimbe unaosikika chini ya kitovu. Uvimbe unaochomoza kitovuni au kinenani ukikohoa, ambao ni ngiri. Ukiuma ghafla na usirudi ndani, nenda siku hiyohiyo. Mwanamke, hasa aliyepita miaka 50, anayejaa tumbo zaidi ya mara 12 kwa mwezi, anayeshiba upesi, mwenye maumivu ya nyonga au anayekojoa mara kwa mara, aombe kuchunguzwa ovari, na asikubali kuambiwa ni gesi bila kupimwa. Damu chooni. Kupungua uzito usikokusudia huku tumbo likikua. Alama za michirizi mipana ya zambarau tumboni, pamoja na michubuko inayotokea bila kugongwa. Na wewe uliyekosa hedhi, pima ujauzito kabla hujalaumu chipsi.

Dalili: kilikuwa kinapungua, kikasimama, au kikarudi

Kusimama kwa wiki mbili si kusimama, ni maji na chumvi na mzunguko wa hedhi. Subiri hadi wiki ya nne ukiwa na namba za asubuhi. Kama bado, kumbuka kwamba mwili uliopungua kilo nane unachoma kidogo kuliko ulivyokuwa, na sahani iliyokupunguza mwezi wa kwanza sasa inakutunza tu. Rudia daftari la siku saba. Karibu kila mara utakuta kijiko cha mafuta kimerudi kuwa kumimina, na matembezi ya dakika 40 yamekuwa 25.

Kurudi ni kigumu zaidi. Marekani kuna daftari la utafiti lililoanzishwa mwaka 1994 linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Waliofanikiwa hawakutumia mlo wa aina moja. Walipunguza kwa njia nyingi tofauti. Wanachofanana ni mambo ya baadaye: wengi wao wanasogeza mwili takriban saa moja kila siku, hupanda mizani angalau mara moja kwa wiki, na hula kwa mpangilio uleule siku za kazi na siku za mapumziko. Kwa hiyo usiitupe futi ukifika unakotaka. Jiwekee namba ya kengele, sentimita tatu juu ya kiuno ulichofikia, uiandike mahali unapoiona. Ukiigusa, anza na vinywaji wiki hiyohiyo, kabla hujafika kwenye kununua suruali nyingine.